Je, wajua kwa nini kuficha baruapepe husaidia, lakini kuficha namba ya simu hakusaidii sana?

Pitia matangazo ya biashara ya Kigoma mtandaoni, ya mawese, dagaa au vyumba vya kupanga Mwanga na Ujiji, utakuta namba za simu zimeandikwa kwa vituko. Huyu kaanza na "sifuri saba" kwa maneno, akamalizia kwa tarakimu. Yule kaweka herufi O mahali pa 0. Mwingine katenganisha kila tarakimu kwa nukta. Ukiwauliza, jibu ni moja: matapeli. Wamechoka na meseji za "ile hela tuma kwenye namba hii".

Mbinu hiyo si ya kijinga. Tatizo ni kwamba ilibuniwa kwa ajili ya baruapepe, na kule inafanya kazi kwa sababu ambayo namba ya simu haina.

Alama ya @ iliingizwa kwenye anwani na Ray Tomlinson mwaka 1971. Miaka saba tu baadaye, 1978, Gary Thuerk wa kampuni ya kompyuta ya DEC huko Marekani alituma tangazo ambalo hakuna aliyeliomba kwa watu wapatao 400. Anwani zao zilitolewa kwenye orodha iliyochapwa kwenye karatasi, zikaingizwa kwa mkono. Leo kazi hiyo ya kuchosha wameachiwa roboti, yaani programu zinazozunguka kwenye tovuti zikikusanya anwani za kutumiwa matangazo kama hayo, ambayo sasa huitwa barua taka.

Wengi hudhani roboti hiyo inasoma tangazo kama mtu asomavyo, na kwamba ukiandika kwa mafumbo umeichanganya akili. Haisomi chochote. Haijui kama ukurasa ni wa mawese au ni tangazo la msiba. Inafanya kazi kama wavu wa dagaa: wavu haumjui samaki, unapima umbo lake tu. Tundu la wavu huu limesukwa hivi: herufi au tarakimu kadhaa, kisha @, kisha herufi tena, nukta, na herufi mbili au zaidi mwishoni. Chenye umbo hilo kinabaki, kisicho nalo kinapita. Kwa hiyo mawese@example.com inanaswa. (Jina example.com limetengwa rasmi kwa ajili ya mifano tangu 1999, kwa hiyo hakuna muuza mawese atakayesumbuliwa kwa makala hii.) Lakini "mawese at example nukta com" ("at" ni jinsi @ inavyosomwa kwa Kiingereza) inapita salama. Roboti haikudanganyika. Hapakuwa na umbo la kunasa, basi.

Je, mwenye wavu hawezi kusuka mwingine? Anaweza, na wapo waliokwisha kufanya hivyo. Kutafuta "(at)" na "(dot)" ni mstari mmoja tu wa ziada kwenye programu. Kuandika "nukta" badala ya "dot" huenda kukawa salama zaidi kidogo, kwa kuwa wavu mwingi umesukwa kwa Kiingereza. Hata hivyo, kila anapobana matundu anavua na takataka: vipande vya sentensi visivyo anwani ya mtu yeyote. Kwa mtu anayevuna mamilioni ya anwani zilizoachwa wazi, kuhangaika na chache zilizofichwa mara nyingi hakumlipi.

Mwaka 2003 shirika la Marekani, Center for Democracy and Technology, lilitoa matokeo ya jaribio la miezi sita. Zaidi ya asilimia 97 ya barua taka zilikwenda kwenye anwani zilizokuwa wazi kwenye tovuti za umma. Zile zilizofichwa, hata kwa kuandikwa kwa maneno tu, hazikupata hata moja. Ni jaribio la zamani, roboti zimekua tangu wakati huo, na sasa kuna programu zinazosoma hata maandishi yaliyo ndani ya picha. Hiyo "hata moja" isichukuliwe kuwa ahadi.

Sasa turudi kwenye simu. Kwa nini mtuma barua taka ahangaike kuvuna anwani badala ya kukisia? Kwa sababu kukisia hakuwezekani kirahisi. Majina ya herufi nane ndogo pekee, bila tarakimu wala nukta, yanaweza kupangwa kwa namna zaidi ya bilioni 208, na karibu yote hayana mwenyewe.

Namba ya simu ya Tanzania ni kinyume chake. Ina tarakimu kumi, na tatu za mwanzo zinajulikana na kila mtu. Zinabaki saba, yaani namba milioni 10 kwa kila mwanzo, na mianzo inayotumika haifiki hata ishirini. Upande wa pili, mwishoni mwa 2024 nchi ilikuwa na laini zaidi ya milioni 80. Chukua namba yoyote kwa kubahatisha: uwezekano wa kuangukia simu ya mtu ni mkubwa mno. Tapeli hahitaji tangazo lako. Anahitaji kuhesabu tu.

Na kuhesabu huko si jambo la kufikirika. Mwaka 2025 watafiti wa Chuo Kikuu cha Vienna walionyesha kwamba waliweza kutambua akaunti zipatazo bilioni 3.5 za WhatsApp kwa kuuliza namba moja baada ya nyingine, ipo au haipo. Mtandao huo ukaweka vizuizi baadaye. Angalia pia meseji yenyewe ya "ile hela": haitaji jina lako, haitaji mawese, haijui hata uko Kigoma au Korogwe. Huo si ushahidi kamili, lakini ndivyo ingeandikwa na mtu asiyejua anamwandikia nani.

Pale ambapo namba huvuja pamoja na jina, mara nyingi kuandika kwa mafumbo hakungezuia: daftari la wakala wa pesa lililoachwa wazi juu ya meza, au kundi la WhatsApp la watu mia mbili ambamo kila mmoja anaiona namba yako. Meseji ikifika, namba iliyoituma hupelekwa 15040, huduma ya kuripoti utapeli, na *106# hukuonyesha laini zilizosajiliwa kwa kitambulisho chako.

Kwa muuza mawese, hasara ya kuficha iko kwingine. Namba iliyoandikwa kamili kwa tarakimu, mteja wa Dar es Salaam anaigusa na simu inaita. Iliyoandikwa "sifuri saba" inabidi aikariri au atafute kalamu, na tangazo la jirani liko chini yake tu.