"Kichwa vipi?" "Safi!"

Saa sita usiku, Kibo Hut, kambi ya mwisho kabla ya kilele cha Kilimanjaro, mita 4,720. Wageni wangu wamejipanga mstari, taa vichwani, na namuuliza kila mmoja: kichwa vipi? "Safi." Wote safi. Mmoja wao hakugusa chakula cha jioni, na chai aliitapika nyuma ya choo akidhani sikumwona.

Kilimanjaro ina hatari zake zenyewe. Januari 2006 mawe yaliporomoka Western Breach, njia ya upande wa magharibi, yakaua Wamarekani watatu. Lakini mimi mwongozaji, kinachoninyima usingizi ni hilo neno "safi".

Hewa ya kileleni ina oksijeni asilimia 21, sawasawa na ya Tanga. Kinachopungua ni mgandamizo: kwenye mita 5,895, kila pumzi inakupa karibu nusu tu ya oksijeni ambayo ungeipata pwani. Mwili huzoea, ila kwa siku, si kwa saa. Ukiukimbiza, kichwa kinagonga, chakula hakipiti, usingizi hauji. Ukitulia hapo ulipo, mara nyingi hali hupoa. Ukikazana kupanda, maji yanaweza kujaa mapafuni, mtu akahema hata akiwa amekaa, au ubongo ukavimba. Nikishuku ubongo, namwambia mgeni atembee mstari ulionyooka, kisigino kikigusa vidole vya mguu wa nyuma. Akiyumba kama mlevi, tunashuka usiku huohuo. Mtungi wa oksijeni na vidonge ni vya kumfikisha chini. Dawa yenyewe ni kushuka.

Sasa kwa nini anaficha? Nilikuwa nadhani ni kiburi. Siku hizi naona ni kalenda. Ana likizo ya wiki moja, amelipa maelfu ya dola, na kazini kwake wamechangia hospitali ya watoto kwa ahadi kwamba atafika. Mwingine amebeba picha ya marehemu mumewe mfukoni. Huyo utamwambiaje "mlima upo tu, utarudi mwakani"? Harudi, naye anajua. Ukimshauri mapema aongeze siku moja ya kuzoea Horombo, kambi iliyo chini ya Kibo Hut, anapiga hesabu: ada za hifadhi hulipwa kwa siku.

Na sisi hatuko nje ya hesabu hiyo. Bahashishi nono huwa ya aliyefika kileleni. Mwaka wangu wa tatu kazini nilimvuta kijana mmoja hadi Gilman's Point, ukingoni mwa kreta, huku midomo yake imegeuka rangi, maana nilikuwa nadaiwa kodi ya nyumba. Alishuka kwa machela ya gurudumu moja. Alipona. Bahashishi alinipa, nikaipokea.

Yule wa nyuma ya choo sikumpandisha. Alinitukana njia nzima hadi Horombo. Tulipofika, akanywa supu bakuli mbili, akalala na viatu vyake.