Kutoka Sangara wa Mwanza Hadi Nyama ya Supamaketi: Dhana Potofu Kuhusu Filamu za Hali Halisi

Filamu ya hali halisi inaweza kumfanya mtu aulize nyama anayonunua imehifadhiwa kwa dawa gani, kodi yake imekwenda wapi, au samaki wa ziwa lake wanaliwa na nani. Kwa sababu hiyo naithamini sana kazi hii. Kinachonisikitisha ni namna tunavyozipokea filamu hizi. Kuna anayeziamini kama hukumu ya mahakama, na kuna anayezikataa zote akisema ni propaganda za mabeberu. Wote wawili wanakosa faida yake.

Dhana: Kamera haidanganyi

Mwaka 1922 Mmarekani Robert Flaherty alitoa Nanook of the North, filamu kuhusu familia ya Wainuiti wa kaskazini mwa Kanada. Mhusika mkuu hakuitwa Nanook. Jina lake lilikuwa Allakariallak. Aliombwa awinde kwa zana za mababu, ilhali watu wake walikuwa wameshazoea bunduki. Nyumba ya barafu ilijengwa upande mmoja wazi ili mwanga uingie. Hiyo ni moja ya filamu za kwanza kabisa za aina hii kupata umaarufu duniani.

Ukweli ni kwamba kila filamu imechaguliwa: nani ahojiwe, kipi kikatwe, muziki gani uwekwe pale mama anapolia. Kuchagua si kudanganya, ila ni lazima mtazamaji akumbuke kuwa kuna aliyechagua.

Dhana: Filamu ya kuelimisha haina mwenyewe

Kati ya 1935 na 1937, huko Vugiri katika milima ya Usambara, kulikuwa na mradi ulioitwa Bantu Educational Kinema Experiment. Ulitengeneza filamu fupi za kuwafundisha Waafrika, zikatembezwa kwa gari kijiji hadi kijiji. Mada zake zilikuwa kilimo bora, afya, kuweka akiba posta, na kodi. Ushauri wa afya ulikuwa na manufaa. Filamu ya kodi ilikuwa na manufaa zaidi kwa mkoloni aliyeikusanya. Basi kabla ya kusifu filamu yoyote, soma majina ya wafadhili mwishoni. Wengi huzima hapo hapo.

Dhana: Ikiisema nchi yangu vibaya ni ya uongo, serikali ikiikasirikia ni ya kweli

Dhana hizi mbili ni pacha, na zilionekana wazi kabisa kwenye Darwin's Nightmare ya Hubert Sauper, raia wa Austria. Filamu hiyo ilipigwa Mwanza na ikatoka 2004. Inamwonyesha sangara, samaki aliyepandikizwa Ziwa Victoria kuanzia miaka ya 1950. Inaonyesha minofu ikipakiwa kwenye ndege za mizigo kwenda Ulaya, wenyeji wakianika mapanki (vichwa na mifupa iliyobaki viwandani), na watoto wa mitaani wakinusa gundi. Iliteuliwa kuwania tuzo ya Oscar. Mwaka 2006 Rais Jakaya Kikwete aliikosoa hadharani, na watu wakaandamana Mwanza kuipinga. Ufaransa nako mwanahistoria François Garçon aliishambulia kwa maandishi. Sauper akamshtaki kwa kumchafulia jina, na 2008 mahakama ikampa ushindi.

Tuichambue kipande kwa kipande. Kwamba sangara alichangia kutoweka kwa mamia ya aina za furu (samaki wadogo wa asili wa ziwa hilo) ni kweli, na wanasayansi wa ziwa walikuwa wameshaliandika kabla Sauper hajafika. Kwamba minofu ilikwenda Ulaya ni kweli. Mapanki nayo yaliuzwa na kuliwa. Ilipofika kwenye tuhuma nzito kuliko zote, kwamba ndege zile zinaleta silaha, filamu ilitegemea zaidi kudokeza. Kuna rubani anayesimulia kwamba aliwahi kupeleka mzigo wa kijeshi Angola, kisha akabeba zabibu kutoka Johannesburg. Simulizi hiyo inatisha, lakini Angola si Mwanza, na daraja kati ya sehemu hizo mbili analijenga mtazamaji mwenyewe kichwani.

Kwa hiyo hasira ya wakazi ilikuwa na msingi, na hoja za filamu zilikuwa na msingi pia. Rais kuikosoa hakukuongeza wala kupunguza chembe ya ushahidi uliomo. Hukumu ya Paris nayo ilihusu heshima ya Sauper na haikuwa uthibitisho wa kila picha.

Ufaransa baadhi ya watazamaji walitaka sangara asusiwe. Hapa ndipo mnunuzi mwenye nia njema anapoweza kuumiza watu. Sangara akikosa soko, wa kwanza kulala njaa ni mvuvi wa Ukerewe na mama anayekata minofu kiwandani. Mwenye ndege atatafuta mzigo mwingine. Sauper mwenyewe alieleza kuwa filamu ileile angeweza kuitengeneza penye almasi, ndizi au mafuta. Suala lake lilikuwa namna biashara inavyogawa faida.

Dhana: Mtu akijaribu mwenyewe mbele ya kamera, huo ni utafiti

Katika Super Size Me ya 2004, mtengenezaji wake, Morgan Spurlock, alikula vyakula vya migahawa ya McDonald's pekee kwa siku 30. Alinenepa, na ini lake likawashtua madaktari. Mwaka 2017 alikiri hadharani kwamba alikuwa mlevi kwa miaka mingi. Kula chipsi na soda kila siku bado ni hatari. Hilo limethibitishwa na tafiti nyingine nyingi. Lakini ini lile sasa huwezi kulitumia kama ushahidi, maana hujui kipi kilitoka kwenye baga na kipi kwenye chupa.

Dhana: Kosa moja linaifuta filamu nzima

An Inconvenient Truth, filamu ya 2006 ya Al Gore, aliyekuwa makamu wa rais wa Marekani, kuhusu tabianchi, ilifikishwa mahakamani Uingereza mwaka uliofuata kwa sababu ilikuwa ikipelekwa mashuleni. Jaji alitaja mambo tisa ambayo filamu iliyakuza kuliko sayansi ilivyoruhusu, na mojawapo ni la kwetu: theluji ya Kilimanjaro. Barafu ya kileleni imepungua kwa zaidi ya asilimia 80 tangu 1912, hilo halina ubishi. Kinachobishaniwa ni sababu, kwa kuwa ukame wa hewa ya mlimani ulioanza mwishoni mwa karne ya 19 una sehemu kubwa. Hata hivyo jaji huyohuyo alisema hoja kuu ya filamu ni sahihi kwa ujumla, na akaruhusu ionyeshwe shuleni pamoja na maelezo kwa walimu.

Natamani filamu zote za mashuleni zingepelekwa hivyo, na maelezo pembeni.

Dhana: Filamu ikisambaa, mabadiliko yanakuja yenyewe

Wengi huamini filamu ya Virunga ndiyo iliyoifukuza kampuni ya mafuta ya SOCO kutoka hifadhi hiyo ya mashariki mwa Kongo. Kampuni ilitangaza Juni 2014 kwamba itasitisha shughuli zake humo. Filamu ilikuwa imeonyeshwa kwenye matamasha tu, na Netflix iliiweka Novemba. Shirika la uhifadhi la WWF na wakazi walikuwa kwenye kampeni tangu kabla. Filamu iliongeza uzito kwenye mzigo uliokwisha kubebwa na wengine. Na 2022 serikali ya Kongo ilinadi tena vitalu vya mafuta, vingine vikigusa Virunga.

Dhana: Hizi ni kazi za Wazungu

Aliyekuwa na televisheni Kenya anaijua Jicho Pevu ya KTN, iliyomfanya mwanahabari Mohammed Ali kuwa jina la kila nyumba, tena kwa Kiswahili. Mwaka 2019 NTV ilirusha Red Alert ya Dennis Okari, kuhusu nyama ya supamaketi iliyotiwa sodiamu metabisalfaiti. Kemikali hiyo hutumika kihalali kwenye matunda makavu na divai. Kwenye nyama mbichi inafanya nyama kuukuu ionekane nyekundu kama ya leo, na inaweza kumbana pumzi mwenye pumu. Baada ya filamu hiyo kurushwa, maafisa wa afya walifunga mabucha kwenye baadhi ya supamaketi.

Kifungu cha 46 cha Katiba ya Kenya ya 2010 kinampa mnunuzi haki ya bidhaa zenye ubora na ya kupewa habari zinazohitajika ili anufaike nazo. Ukitazama filamu ikakuacha na swali kuhusu ofisi ya umma, unaweza kuliuliza kwa maandishi: sheria za kupata taarifa zilipitishwa Kenya na Tanzania mwaka uleule wa 2016, na Kenya inaipa ofisi siku 21 kukujibu.