Mpango wa usimamizi wa mazingira kwenye machimbo ya mawe ni nini?

Ukitoka Tanga mjini kuelekea Pongwe, Maweni au Kiomoni utakutana na mawe ya chokaa yanayochimbwa kwa ajili ya saruji, chokaa na kokoto. Nyuma ya kila machimbo halali kuna waraka ambao wakazi wengi wa jirani hawajawahi kuuona, ingawa umeandikwa kwa sababu yao. Waraka huo ni mpango wa usimamizi wa mazingira.

Ndani yake mwenye machimbo anaeleza kazi yake itaharibu nini, atafanya nini kuzuia au kupunguza uharibifu huo, nani katika kampuni atawajibika kwa kila hatua, na ametenga fedha kiasi gani. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inataka mradi wa aina hii ufanyiwe tathmini ya athari kwa mazingira kabla haujaanza, na mpango huu ni sehemu ya ripoti ya tathmini inayopelekwa NEMC, yaani Baraza la Taifa la Hifadhi na Usimamizi wa Mazingira. Mawe, kokoto na mchanga huhesabiwa kuwa madini ya ujenzi, kwa hiyo Sheria ya Madini ya mwaka 2010 nayo inahusika. Mchimbaji mdogo mwenye leseni ndogo hadaiwi tathmini nzito kama ya kiwanda cha saruji, lakini naye anatakiwa kuandaa mpango wake wa kulinda mazingira. Mradi ukishaanza, mwenye mali anapaswa kujikagua na kutoa taarifa, na wakaguzi wanaweza kuja na kulinganisha kilichoandikwa na kilichopo.

Naamini sehemu inayopima uzito wa mpango wowote wa machimbo ni ile inayohusu maji. Vumbi na kelele za baruti husikika haraka, na watu hulalamika siku hiyohiyo. Maji huondoka kimyakimya na kwenda kuharibu mbali.

Chukua shimo la hekta tano. Mvua ya milimita 50, ambayo pwani hii si jambo la ajabu wakati wa masika, itamwaga juu ya shimo hilo lita milioni mbili na nusu za maji. Hayo ni magari 250 ya maji ya lita elfu kumi, katika siku moja. Yote yanapita juu ya ardhi iliyovuliwa majani, yanabeba unga wa mawe na udongo, kisha yanatafuta njia ya kwenda chini. Upande wa Kiomoni, njia hiyo inaishia kwenye mto Mkulumuzi au Zigi, na mwisho baharini, penye mikoko na matumbawe. Tope likitua juu ya matumbawe huyanyima mwanga, na wavuvi wa Tanga hawahitaji kuambiwa samaki huenda wapi matumbawe yakifa.

Dawa yake inajulikana, na haina makuu: bwawa la kutuamisha tope. Maji ya machimboni yanaelekezwa kwenye bwawa, yanapunguzwa mwendo, tope linashuka, maji ya juu yanatoka yakiwa na afadhali. Ugumu uko kwenye muda. Chenga ya mchanga hufika chini ya bwawa la mita moja kwa sekunde chache, lakini chembe za udongo wa mfinyanzi zinaweza kuelea siku kadhaa. Bwawa dogo lililochimbwa ili mkaguzi alione litakamata mchanga na kuachia uchafu mwembamba wote upite. Ndiyo maana mpango wa kweli hutaja ukubwa wa bwawa, mabwawa mangapi yanafuatana, na tope litazolewa lini kabla ya mvua. Bwawa lililojaa tope mwezi Februari halitasaidia lolote Aprili.

Hapa sheria nyingine inaingia, ile ya Usimamizi wa Rasilimali za Maji ya mwaka 2009. Anayechota maji mtoni au kisimani kwa shughuli za machimbo anahitaji kibali cha kutumia maji, na anayerudisha maji machafu kwenye mazingira anahitaji kibali cha kuyatiririsha. Kwa Tanga, mlango wa kugonga ni Bodi ya Maji ya Bonde la Pangani. Kwa Bagamoyo ni Bonde la Wami/Ruvu. Nayo sheria ya mazingira ya 2004 imeweka mita 60 kutoka kingo za mto, bwawa au ufukwe kuwa eneo la kinga, lisilotakiwa kufanyiwa shughuli za kudumu au zinazoweza kuhatarisha hifadhi ya eneo hilo.

Kanuni hizi hugongana zenyewe kwa zenyewe. Ili kuzuia vumbi, krasha, yaani mashine ya kuponda mawe, inanyunyiziwa maji na barabara ya malori inamwagiwa maji kutwa. Basi kadiri unavyotii upande wa hewa, ndivyo unavyozidi kudaiwa upande wa maji: unahitaji maji mengi zaidi, na unazalisha tope zaidi. Wachimbaji waliotulia wakafikiri walijibu kwa kuzungusha maji yaleyale. Yakishatuama bwawani yanavutwa kwa pampu, yananyunyiziwa tena, yanarudi tena. Bili ya dizeli ya kuleta maji inapungua na maji machafu ya kutiririsha nje yanapungua.

Upande wa taka, mambo yamekuwa mepesi kidogo kwa sababu soko limesaidia. Vumbi la mawe lililokuwa likirundikwa na kupeperuka hadi kwenye nyumba za watu leo linauzwa kwa mafundi wa tofali. Udongo wa juu, ule mweusi wenye rutuba, ukitengwa tangu siku ya kwanza utakuja kufunika shimo. Ukichanganywa na kifusi umekwisha. Kinachobaki kuwa shida ni oili chafu ya katapila, jenereta na malori. Wengi huichukua kupaka mbao zisiliwe na mchwa, na inayomwagika hapo gereji hakuna anayeihesabu.

Na kwenye mawe ya chokaa hiyo oili ni hatari kuliko mahali pengine. Maji ya mvua yakichanganyika na hewa ya kaboni huwa na ukali kidogo, na kwa maelfu ya miaka yamekuwa yakiyeyusha mawe haya na kupanua nyufa. Mapango ya Amboni ni kazi ya maji hayohayo. Kwenye ardhi ya mchanga, maji yanapenya taratibu na kuchujwa njiani. Kwenye chokaa yenye nyufa yanakimbia kama yamo ndani ya bomba, na uchafu uliomwagwa leo unaweza kutokea kwenye kisima cha mtu ambaye hata moshi wa krasha hauoni. Kwa hiyo kuligeuza shimo la zamani kuwa dampo, jambo linaloonekana la busara kwa sababu shimo tayari lipo, hapa ni kosa kubwa kuliko kuacha shimo tupu. Mpango wa machimbo ya chokaa usiosema neno juu ya nyufa na visima vya jirani haujaandikwa kwa ajili ya Tanga.

Mipango ya namna hiyo ipo, na huandikwa kwa kunakili: mtaalamu anabadilisha jina la kijiji na la kampuni, mengine yanabaki vilevile. Utaitambua kwa maneno yasiyoshikika. Inasema "hatua stahiki zitachukuliwa", haisemi nani, lini, wala kwa shilingi ngapi. Sipendi kumlaumu mchimbaji mdogo peke yake kwa hili. Gharama ya mtaalamu, vibali na ada humkaba aliyeanza na nyundo na mkopo wa kikundi, wakati kampuni kubwa ina idara nzima ya mazingira. Wachimbaji waliokaa pamoja, wakachangia bwawa moja na mtaalamu mmoja kwa eneo lao lote, wana nafasi nzuri zaidi ya kutii kuliko kila mmoja na kashimo kake.

Mpango lazima pia useme shimo litafungwaje. Leseni ndogo ni ya miaka saba, inaweza kuhuishwa, lakini mawe huisha na mwenye leseni huondoka. Shimo lisilorekebishwa linabaki na kuta wima, maji ya mbu, na watoto wanaokwenda kuogelea. Kurekebisha ni kulaza kuta, kurudisha udongo na kupanda miti, na kunawezekana hata kwenye chokaa kavu. Huko Bamburi, Mombasa, mwaka 1971 René Haller alianza kupanda miti kwenye machimbo ya kiwanda cha saruji, pahala palipoonekana hapawezi kuota kitu. Mivinje ilishika, majongoo wakala majani yake makavu na kuyageuza udongo, na leo pale ni msitu unaotembelewa na watalii.

Mkazi anayetaka kujua machimbo ya jirani yaliahidi nini aanze kwa afisa mazingira wa halmashauri, maana sheria ya 2004 inataka kila halmashauri iwe naye, na inampa kila mtu haki ya kuishi kwenye mazingira safi na salama na ya kuomba taarifa za mazingira. Aombe kurasa zinazohusu maji na ufungaji wa shimo. Kisha asubiri siku ya mvua kubwa, akasimame pale maji yanapotokea nje ya machimbo, apige picha yenye tarehe. Picha mbili tatu za namna hiyo, zikiwekwa kando ya ukurasa uliotaja ukubwa wa bwawa, zinampa mkaguzi kitu cha kufanyia kazi.