Kikwapa: Unyevu ni Jambo Moja, Harufu ni Jingine

Kijana mmoja wa bodaboda alifika kliniki yetu ya ngozi mwezi wa pili, jua limekaza na mvua bado, akamimina mezani vilivyokuwa kwenye kaveera yake, yaani mfuko wa plastiki: manukato matatu ya kupuliza, deodoranti ya gololi iliyofika nusu, na kipande cha ndimu kilichoanza kukauka. “Daktari, zote hizi nimejaribu. Abiria akipanda tu, anageuza uso pembeni.” Alipovua shati, makwapa yalikuwa yamebabuka, ngozi imekuwa nyeusi ti na inamenyuka.

Nilimwuliza swali ambalo wengi hutufikia hawajawahi kujiuliza: kinachokusumbua ni unyevu au ni harufu?

Jasho lenyewe halinuki. Mwili una tezi za jasho kati ya milioni 2 na 4, na nyingi hutoa maji yenye chumvi kidogo ya kupoza ngozi. Kwapani kuna na tezi za aina nyingine, ambazo huamka mtu akibalehe. Ndiyo maana mtoto wa miaka 6 hucheza mpira kutwa nzima asinuke, na kaka yake wa miaka 14 hasemeki. Tezi hizo hutoa ute mzito kidogo, nao hauna harufu mpaka bakteria wanaoishi kwapani waule. Tunachonusa ni mabaki ya karamu yao. Kwa hiyo mwenye kikwapa si lazima awe mchafu. Wako hata watu, wengi wao Korea, China na Japani, waliozaliwa na jeni inayowafanya wasinuke kwapa karibu kabisa, na nta ya masikio yao huwa kavu. Sisi huku wengi wetu nta yetu inanata, basi tununue sabuni.

Deodoranti hupambana na bakteria na kuifunika harufu. Jasho litaendelea kutoka kama kawaida. Kizuia jasho ni kitu kingine. Kina chumvi za alumini, ambazo zikikutana na jasho huganda na kuziba mirija yake kwa muda. Dukani vyote viwili hukaa rafu moja na chupa zinafanana, kwa hiyo usidanganywe na maandishi makubwa ya mbele. Geuza chupa usome viambato. Ukiona neno linaloanza na “alumin”, hicho ni kizuia jasho. Usipoliona, hata kama wameandika saa 48, shati litalowa tu. Manukato ya kawaida si hiki wala kile: ukijipulizia juu ya kwapa linalonuka, wenzako ndani ya taksi ya watu 14 watazisikia harufu zote mbili.

Kosa ninalokutana nalo zaidi ya yote ni la saa. Mtu anaoga asubuhi, anapaka kwapa likiwa bado bichi, anavaa shati na kukimbilia stendi. Jasho la kwanza linaiosha ile dawa kabla haijafanya kazi. Kizuia jasho kinataka ngozi kavu na mirija iliyotulia, na hiyo ni kazi ya usiku, mwili unapotoa jasho kidogo. Oga jioni, jifute, ngoja kwapa likauke kabisa, halafu paka kidogo tu ulale. Asubuhi oga bila wasiwasi, maji hayazibui mirija iliyokwisha kuzibwa. Siku uliyonyoa, acha, itakuwasha. Fanya hivyo kila usiku kwa wiki moja au mbili, na jasho likipungua, usiku mbili au tatu kwa wiki zinatosha. Mwenye ugonjwa wa figo amwulize daktari kwanza. Na ile habari inayozunguka kwenye simu kwamba vitu hivi huleta saratani ya matiti imechunguzwa. Ushahidi wa kuaminika haujapatikana.

Kama mfuko hauruhusu chupa, kuna shabu, lile jiwe linalong’aa kama barafu ambalo vinyozi hutumia. Lilowanishe, usugue kwapa lililooshwa. Hupunguza bakteria, ingawa anayetiririka jasho halitamtosha. Ndimu siipendi hata kidogo: asidi yake huchoma ngozi iliyonyolewa, na ikipigwa na jua huacha madoa meusi. Magadi nayo hubabua.

Kuna jasho ambalo si la kutafutia dawa dukani. Jasho la usiku linalolowesha shuka, pamoja na kikohozi cha wiki 2 au zaidi, homa au kukonda, likupeleke kituo cha afya ukapime kifua kikuu. Majipu yanayorudi rudi kwapani, au uvimbe usioondoka, tuonyeshe. Na kama unalowa hata umekaa kivulini bila joto wala hofu, hiyo ina jina na matibabu; usione haya kuja.

Kijana wetu nilimwambia atupe ndimu na apumzishe ngozi mpaka ipone, ndipo aanze kizuia jasho cha usiku. Mwezi uliofuata alirudi, makwapa makavu, lakini anadai abiria bado wanageuza uso. Nikainusa jaketi yake. Ya nailoni, aliinunua kwenye mivumba, yaani mitumba, ya soko la Owino mjini Kampala, na tangu ainunue haijaona maji. Nguo za nailoni na poliesta hushika harufu kuliko pamba. Zikipata joto tu, kikwapa cha jana kinafufuka. Nilimshauri aigeuze ndani nje, aloweke sehemu za kwapa nusu saa kwenye maji yenye siki, aisuuze vizuri, kisha aifue kwa sabuni na kuianika juani. Akauliza kama anaweza kuongeza Jik, ile dawa ya kung’arisha nguo, kidogo iwe safi zaidi. Hapana: Jik na siki zikichanganyika hutoa gesi ya sumu.