Vifaa vya mtoto mchanga: yanayosemwa na ukweli wake

Kabla sijajifungua nilikwenda soko la Kibuye, hapa Kisumu, na orodha ndefu niliyopewa na dada yangu. Vitu nilivyovigusa kila siku mwaka ule wa kwanza havikufika kumi.

"Mtoto wa kwanza hanunuliwi mitumba."
Kwa nini asinunuliwe? Akifika miezi mitano hivi, uzito wake huwa umekuwa mara mbili ya ule aliozaliwa nao. Nguo za siku za kwanza huvaliwa wiki chache tu, ndiyo maana nyingi za Kibuye bado ni kama mpya.

Cha kuogopa ni harufu. Nguo iliyohifadhiwa na naftalini, vile vidonge vyeupe vya kufukuza nondo, yaweza kusababisha kuvunjika kwa chembe nyekundu za damu za mtoto aliyezaliwa na upungufu wa G6PD, kimeng'enya kinacholinda chembe hizo. Upungufu huo hurithiwa, na umeenea zaidi kwa jamii za maeneo ya malaria kama huku kwetu ziwani. Wazazi wengi hawajui kama mtoto wao anao. Macho na ngozi hugeuka manjano, na hali hiyo ikizidi hudhuru ubongo. Basi nusa kabla ya kulipa, na yenye harufu hiyo iache hata kama ni ya bure. Shali ya nyanya iliyokaa sandukuni na vidonge hivyo nayo ni vivyo hivyo, na najua kumkatalia nyanya kunauma. Nguo nyingine fua kwa sabuni na maji moto, anika juani, piga pasi.

"Kitanda bila mto na blanketi nzito hakijakamilika."
Mtoto mchanga hahitaji mto kabisa. Mto, blanketi nzito na vitambaa vinene vya kuzungushia kitanda vyaweza kumziba pumzi. Alazwe chali, kwenye godoro gumu lililo sawa. Usiku wa Nakuru mwezi wa Julai mvalishe nguo moja zaidi ya ulizovaa wewe. Joto la Kisumu halitaki hata hiyo. Kitu cha lazima kitandani ni chandarua chenye dawa, na kaunti za ukanda wa ziwa hukitoa bure kliniki kwa wajawazito na watoto wachanga. Kiulizie.

"Woka humfanya mtoto atembee mapema."
La, kigari hicho cha kumfunzia mtoto kutembea huweza hata kumchelewesha, na humfikisha haraka kwenye jiko na ngazi. Kanada ilipiga marufuku vigari hivyo mwaka 2004. Mkeka sakafuni unatosha.

"Mama anayerudi kazini lazima awe na seti ya chupa."
Maziwa yaliyokamuliwa hunywewa vizuri kwa kikombe kidogo kilicho wazi, hata na mtoto mchanga. Kikombe husafishika kwa urahisi. Chupa na chuchu yake vina pembe ambazo uchafu hujificha.

"Bila kigari cha kusukuma utateseka."
Mimi ninaishi mtaa wa Manyatta. Mvua ikinyesha, magurudumu hayo yangezama tope mlangoni. Leso mbili zilinitosha, na pesa ya kigari ikawa nauli ya tuktuk kwenda chanjo za wiki ya 6, ya 10 na ya 14.