Kompyuta ya kuhariri picha: dhana potofu zinazomaliza bajeti

Mpiga picha akinitumia orodha ya vifaa vya kompyuta anayotaka kuunda, huwa naanzia mstari wa mwisho. Huko ndiko monita hukaa, kama imeandikwa kabisa. Ya karibuni niliyotumiwa na rafiki yangu ilikuwa hivi: prosesa (ubongo wa kompyuta) ya kori 16, yaani vitengo 16 vya kufanyia kazi, kadi ya grafiki yenye ukubwa wa tofali, feni za kuwaka rangi sita, halafu chini kabisa, "monita nitatumia ile ya zamani". Vifaa vyenyewe havikuwa vibaya. Ila hiyo ni kompyuta ya kucheza gemu, na pesa nyingi ilikuwa imekwenda mahali ambapo mhariri wa picha hasubiri kitu.

Maana kazi hii ni ya kusubiri kidogo kidogo. Unafungua faili la RAW, yaani picha ghafi ya kamera, linaonekana lina ukungu kwa sekunde moja hivi ndipo linakaa sawa. Unavuta slaida ya mwanga, picha inakufuata kwa nyuma. Unabonyeza mshale kwenda picha inayofuata, na kwa harusi moja utaubonyeza mara 800. Kila kusubiri kuna kifaa chake kinachohusika. Dhana nyingi potofu zinazaliwa pale mtu anapokibebesha kifaa kimoja lawama zote.

"Kadi ya grafiki ikiwa kubwa, picha zitaruka"

Hii ndiyo inayokula pesa nyingi kuliko zote, na ina kaudhuru kake: miaka ya karibuni imekuwa na ukweli ndani yake. Zamani Lightroom Classic, programu ya kupanga na kuhariri picha, ilikuwa ikiitumia kadi ya grafiki kuchora picha kwenye skrini na kusukuma slaida, basi. Juni 2022 ikaanza kuitumia pia wakati wa kutoa JPEG. Aprili 2023 kikaja kitufe cha kuondoa chenga (vile vidoa vya picha za gizani) kwa akili mnemba, na hapo mambo yakageuka. Picha moja ya ISO 6400, iliyopigwa kwenye mwanga hafifu, ambayo kadi ya kisasa inaimaliza kwa sekunde chache inaweza kuchukua dakika kadhaa kwenye grafiki dhaifu iliyojengewa ndani ya prosesa. Zidisha kwa picha 300 za ukumbini usiku, utaona kwa nini anayesema "kadi haina kazi kwenye picha" naye amepitwa na wakati.

Lakini kutoka kutokuwa na kadi hadi kuwa na kadi ya kati ni safari ndefu, na kutoka ya kati hadi ya juu kabisa ni hatua fupi. Ile ya juu inakuokolea sekunde hasa kwenye kuondoa chenga. Brashi ya Photoshop, kukata picha, kupanga leya (tabaka za picha): huko hutaona tofauti. Angalia kwanza kumbukumbu ya kadi yenyewe. GB 8 ni kiwango kizuri cha kuanzia, hasa kama monita yako ni 4K.

Kuna binamu wa dhana hii: eti ukitaka rangi za biti 10 (zenye ngazi laini zaidi) kwenye Photoshop lazima ununue kadi ya "kitaalamu", ile ya bei mara tatu. Ilikuwa kweli hadi Julai 2019, Nvidia ilipofungua uwezo huo kwa kadi za kawaida za GeForce kupitia draiva (programu za kuendesha kadi) zake za Studio. Ushauri wa zamani unaishi miaka mingi baada ya sababu yake kufa.

Na hapa nikiri jambo. Niliwahi kufanya kazi wiki mbili nikinung'unikia kadi mpya kwamba haina tofauti na kutokuwa nayo. Siku moja nikafungua mipangilio ya Lightroom, sehemu ya utendaji, nikakuta imeandikwa jina la grafiki ndogo ya ndani ya prosesa. Nilikuwa nimechomeka waya wa monita kwenye madabodi (ubao mkuu wa kompyuta) badala ya kwenye kadi. Skrini inawaka, kila kitu kinaonekana, na kadi imekaa pale bure.

"Kori 16 ni mara mbili ya kori 8"

Kwenye karatasi, ndiyo. Lakini sehemu kubwa ya kazi za Photoshop huenda hatua kwa hatua, ya pili ikisubiri jibu la ya kwanza. Kutunga uzi kwenye sindano hakuharakishwi na kuita watu 16. Kinachohitajika hapo ni kori moja yenye mbio, si kundi.

Kazi ambazo kweli zinagawanyika ni kutengeneza picha za mwoneko (nakala za kutazama haraka) baada ya kuingiza picha kutoka kadi ya kamera, na kutoa JPEG kwa mamia. Anayetoa picha 2,000 kila wiki ana haki ya kuangalia kori 12 au 16. Wengine wetu, kori 8 za kizazi cha karibuni zinatosha, na chenji inakwenda kwenye monita. Prosesa kubwa za vituo vya kazi, kama Threadripper ya kori 64, zilitengenezwa kwa watu wa filamu za 3D na mahesabu mazito. Kwenye Photoshop prosesa ya kawaida ya mezani inaweza kuipita bila jasho. Na zile prosesa za AMD zenye herufi X3D? Akiba yao kubwa ya ndani ni sukari kwa magemu. Picha haziionji.

"Ongeza RAM, itaongeza kasi"

RAM, kumbukumbu ya muda ya kompyuta, ni meza. Meza ikiwa ndogo unaweka karatasi sakafuni, na kila unapozihitaji unainama. Ikishatosha, kuipanua zaidi hakukufanyi uandike haraka.

Hesabu yake ni rahisi kuifanya mwenyewe. Picha ya megapikseli 45, ikiwa na chaneli tatu za rangi zenye biti 16 kila moja, inachukua baiti 6 kwa kila pikseli: MB 270 kwa leya moja iliyojaa. Leya 10 ni GB 2.7, kabla hujahesabu historia ya kurudi nyuma, Lightroom iliyo wazi pembeni, na kivinjari chenye tabo 30 ambazo sote tunajua hutazifunga. GB 16 zinabana. GB 32 zinakaa vizuri. GB 64 ni za anayeunga panorama au anayepandanisha picha nyingi za vitu vidogo ili zote ziwe kali. Zaidi ya hapo unanunua meza ya kuweka vumbi.

Kuna mambo mawili ambayo wauzaji hawayataji. Kwanza, kwenye DDR5, aina ya RAM ya kompyuta za karibuni, nunua vijiti viwili, usinunue vinne. Kwa prosesa za Ryzen za mfululizo wa 7000 na 9000, kasi rasmi inayohakikishwa na AMD ukijaza nafasi zote nne inashuka hadi 3600 (uhamisho milioni kwa sekunde), wakati kwa vijiti viwili ni 5200 na 5600. Anayeanza na viwili vya GB 16 akidhani ataongeza viwili baadaye anajitegea mtego. Pili, vijiti vilivyoandikwa 6000 kwenye boksi havifiki 6000 hadi uingie BIOS (mipangilio ya msingi ya kompyuta) uwashe EXPO au XMP, yaani kasi iliyoandaliwa na mtengenezaji wa RAM. Usipowasha, mara nyingi vinatembea kwa 4800, na hakuna taa yoyote itakayowaka kukuambia.

"SSD ya PCIe 5.0 itaondoa kusubiri"

Diski ngumu ya kuzunguka husoma takriban MB 200 kwa sekunde. SSD, diski isiyozunguka, ikiwa ya SATA (kiunganishi cha zamani), 550. SSD za NVMe hupita njia ya kasi zaidi iitwayo PCIe: ya 3.0, 3,500, ya 4.0, 7,000, ya 5.0, hadi karibu 14,000. Namba zinapanda kama ngazi na mtu anaona afadhali asimame juu kabisa.

Chukua sasa faili la RAW la MB 50. SSD ya SATA inalisoma kwa sehemu ya kumi ya sekunde hivi. Ya PCIe 4.0 inalisoma kwa milisekunde 7. Halafu prosesa inaanza kulifumua, kujaza rangi za kila pikseli, kuweka marekebisho yako. Huko ndiko ule ukungu wa sekunde moja unakotoka, na ngazi ya juu ya SSD haiugusi. Kinachobadilisha maisha ni kuhamisha katalogi ya Lightroom (daftari la picha na marekebisho yako) na picha za mwoneko kutoka diski ya kuzunguka kwenda SSD yoyote ya maana, kwa sababu huko kuna maelfu ya mafaili madogo, na diski ya kuzunguka hupoteza muda ikiyatafuta moja moja.

Afadhali ununue ukubwa: TB 2 za PCIe 4.0 kuliko TB 1 ya 5.0. Ila zichunguze zile za bei ya kutupa. Nyingi zinakimbia mwanzoni kwa kutumia eneo dogo la haraka, likijaa katikati ya kuhamisha GB 300 zinaanza kutambaa. Na diski mbili zinazonakiliana ndani ya kasha moja si hifadhi ya akiba. Ukifuta picha kwa bahati mbaya, imefutika kote kuwili kwa wakati mmoja.

"4K ndiyo rangi sahihi"

Hapa ndipo ningependa watu watumie pesa, na hapa ndipo wanapotumia akili kidogo. 4K ni hesabu ya pikseli: milioni 8.3. Haisemi lolote kuhusu rangi. Monita ya 4K inaweza kuonyesha ngozi ya mtu kama ameugua manjano, na ya 1440p, yenye pikseli chache zaidi, ikaionyesha kama ilivyo.

Rangi ina maswali mawili tofauti ambayo matangazo hupenda kuyachanganya. La kwanza: monita inafikia rangi ngapi? Picha za kwenda mtandaoni zinaishi ndani ya sRGB, wigo wa kawaida wa rangi. Anayechapisha kwa printa nzuri ananufaika na Adobe RGB, iliyotolewa 1998, ambayo ni pana zaidi hasa upande wa kijani na samawati. La pili: je, rangi inazofikia ni zenyewe? "99%" iliyoandikwa kwenye boksi inajibu swali la kwanza tu. Tena monita yenye rangi pana isiyo na profaili (faili linaloeleza rangi zake) ni hatari kuliko nyembamba, kwa sababu programu isiyojali profaili itaziwasha rangi kupita kiasi. Wewe utazipunguza, mteja atapokea picha zilizofifia.

Na mwangaza. Monita nyingi zinatoka kiwandani zikiwa kali, kandela 300 kwa mita ya mraba na zaidi. Unahariri, picha inapendeza, unachapisha, inarudi imefunga giza. Printa inalaumiwa. Wengi wanaochapisha hushusha hadi kati ya 80 na 120, na tatizo linaisha bila kununua chochote.

Kifaa cha kusawazisha rangi, kile kidogo kinachoning'inizwa mbele ya skrini na kusoma viraka vya rangi kimoja baada ya kingine, nakihesabu kuwa sehemu ya kompyuta kama RAM. "Imesawazishwa kiwandani" ni kweli siku ya kwanza. Taa za nyuma ya skrini huzeeka.

Kuna jambo moja ambalo huwachanganya watu kuhusu 4K. Ukitoka 1440p, kadi ya grafiki inapaswa kuchora pikseli zaidi ya mara mbili kila unapovuta slaida. Ndiyo maana mtu ananunua monita mpya halafu anaanza kusema kompyuta yake imeanza kuugua.

Hizi za haraka haraka

"Pawa saplai ya wati 1000 inakula wati 1000." Hapana, inatoa kile vifaa vinachoomba. Kwa prosesa ya kori 8 na kadi ya kati, 650 zinatosha. Alama ya 80 Plus nayo inapima umeme unaopotea njiani, haipimi kama vipuri vya ndani ni imara.

"Lazima upozaji wa maji." Kwa kori 8, kipoza hewa kikubwa kinatosha, na hakivuji.

"Madabodi ghali inaongeza kasi." Inaongeza matundu. Hesabu nafasi za M.2 (za kuchomekea SSD) na milango ya USB ya kasi, uishie hapo. Nasema hivyo kwa sababu nimeona mtu mwenye prosesa ya kifalme akichomeka kisoma kadi za kamera kwenye mlango wa USB 2.0, ambao kwa vitendo hutoa MB 40 hivi kwa sekunde. Kadi ya GB 128 iliyojaa inachukua karibu saa nzima. Kisoma kadi kizuri kwenye mlango wa gigabiti 10 kingeimaliza, kama kadi yenyewe ina kasi, kabla hajarudi na chai.

Kabla ya kununua

Kama una kompyuta tayari, fungua Task Manager ya Windows, sehemu ya utendaji, ufanye kazi ile ile inayokuudhi huku ukitazama. RAM ikigonga dari, unajua. Diski ikikaa 100%, unajua. Prosesa ndiyo yenye hila: kwenye chipu ya kori 8 yenye nyuzi 16 (kila kori huendesha kazi mbili kwa pamoja), kori moja iliyozidiwa kabisa inaonekana kama 6% tu, na mtu anasema "prosesa imelala". Bonyeza kulia kwenye grafu uifanye ionyeshe kila uzi peke yake.

Rafiki yangu alifanya hivyo. Orodha ya pili ilirudi na monita mstari wa kwanza na kifaa cha kuisawazisha mstari wa pili, kori zimeshuka hadi 8, tofali limekuwa kadi ya kawaida. Feni za rangi sita alikataa kuziacha. Nimemwomba azizime tu anapohariri, maana mwanga wa zambarau ukipiga ukuta nyuma ya skrini, jicho linaanza kuziona picha zote zimeingia kijani.