"Kwetu hakuna kitu hiki": dhana potofu kuhusu sindromu ya Rett

Juzi tena, kliniki ya watoto hapa Tanga. Mama kampakata binti yake wa miaka 3, mikono ya mtoto inasuguana kifuani kama ya mtu anayenawa bila maji, vidole vimechubuka. Ni sindromu ya Rett, ugonjwa wa ubongo unaomfanya mtoto apoteze usemi na matumizi ya mikono aliyokuwa nayo. Sijauliza lolote, bibi mzaa baba akaniwahi: "Mwanangu daktari, kwetu hakuna kitu hiki. Kimetoka kwa mama yake."

Kauli hiyo nimeisikia kwa watu wa Ngamiani, wa Muheza na wa Pangani, na nimeichoka, kwa sababu nimeona ndoa zikivunjika juu yake.

Dhana: ni ugonjwa wa jeni, basi mama ndiye aliyemrithisha. Si kweli. Mwaka 1999 maabara ya mtafiti Huda Zoghbi, Texas, iligundua kwamba sindromu ya Rett hutokana na hitilafu katika jeni ya MECP2, iliyoko kwenye kromosomu X (msichana ana X mbili, moja ya mama na moja ya baba). Humpata takriban mtoto wa kike 1 kati ya 10,000. Karibu wote hao, hitilafu ni mpya: ukimpima mama huikuti, ukimpima baba huikuti. Na watafiti walipofuatilia ni X ipi iliyobeba hitilafu, mara nyingi waliikuta ni ile iliyotoka kwa baba, imeharibika mbegu ilipokuwa ikitengenezwa. Sisemi sasa tumgeuzie baba lawama. Hakuna alichokula wala alichofanya. Nasema mama aachwe! Uwezekano wa wazazi walewale kupata mtoto mwingine mwenye Rett ni chini ya 1 kwa 100. Kumfukuza mke hakutibu mtoto. Kunamwondolea mtu anayemjua kuliko sote.

Dhana: alizaliwa mzima, chanjo au kijicho ndicho kilichomharibu. Hitilafu ilikuwepo tangu mimba. Ila dalili hujitokeza kati ya miezi 6 na 18, umri ambao watoto bado hupewa chanjo, ndiyo maana watu huziunganisha.

Dhana: dawa ya utafiti ni tiba iliyofichwa. Trofinetidi, dawa ya Rett iliyoidhinishwa Marekani mwaka 2023, ilijaribiwa kwa wasichana na wanawake 187 kwa wiki 12. Karibu nusu walipewa kimiminika kisicho na dawa, ili ilinganishwe kwa haki. Ilipunguza baadhi ya dalili, haikuponya, na wengi waliharisha. Wazazi wa Korogwe waliowaingiza watoto katika majaribio ya chanjo ya malaria tangu 2009 wanaujua utaratibu: unaelezwa, unauliza, unasaini, na unaruhusiwa kujitoa.

Dhana: ubongo umekufa, haelewi kitu. Hii nayo inanikera. Mwaka 2007 kundi la mtafiti Adrian Bird, Edinburgh, liliiwasha upya jeni ya MECP2 kwa panya waliokwisha kuugua, na dalili nyingi zikarudi nyuma. Seli hazikuwa zimekufa. Panya si binti yako, lakini usimzungumzie mtoto kana kwamba hayupo.

Kila mzazi namwambia: shika vitu viwili mbele ya macho yake, kisha nyamaza. Usimharakishe. Hesabu polepole mpaka 20, maana jibu lake la macho huchelewa.

Siku ile nilimpa mama kikombe cha maji na mdoli. Chumba kikanyamaza. Nilipofika 14, macho ya mtoto yakatua kwenye kikombe na hayakutoka. Bibi ndiye aliyesema kwanza, "Ana kiu huyu."